Kioo cha Mbele cha Gari la Sally

Komarock, Nairobi
Jumanne, baada ya chakula cha mchana

Kwako dada yangu mkubwa Waithera,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako Njogu, na kutoka kwa Ndindi mke wangu, ambaye yuko hapa kando anachambua maharagwe na anasema nisisahau kukuambia kwamba ile mbegu ya sukuma uliyomtumia imeshika vizuri kwenye magunia. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mgongo unaniuma nikiinama, lakini huo ni mgongo wa fundi wa bodi za magari, sijui kama kuna mwenzangu asiyekuwa nao. Wasiwasi wangu ni kwako. Baridi ya Nyahururu imepungua? Viazi vilipona ile barafu ya alfajiri? Na jicho lako linaendeleaje? Najua ukiulizwa husema hilo moja linaona kuliko mawili ya watu wengine, lakini Sally ameniambia jua la mchana limeanza kukusumbua. Basi kwenye kifurushi hiki, chini ya sukari, kuna yale matone uliyozoea na miwani ya jua. Usiyaweke kabatini ukingoja wageni. Yatumie.

Utaona nimeandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, na karatasi zimekuwa nyingi. Nimefanya hivyo makusudi ili usimwite jirani akusomee. Barua hii ni yako peke yako. Keti mahali penye mwanga uisome polepole.

Utauliza mbona sikupiga simu kama watu wengine. Nimekupigia mara tatu mwezi huu, na mara zote tatu tumezungumza habari za ng'ombe. Nikianza tu kuvuta pumzi ya kusema jambo, wewe unanihurumia, unasema sauti yangu imechoka, unaniombea hapo hapo kwenye simu, halafu unaniaga. Siwezi kumkatiza mtu anayeniombea. Kalamu haitaniombea, ndiyo maana nimeishika. Na kama kuna mtu aliyekuambia kwamba aliniona huko kwetu Jumamosi iliyopita, usimbishie. Nitakueleza mbele.

Kwanza nikupe habari za binti yako na hili gari lake, kwa maana ndilo limenisumbua tangu Agosti hadi nimepungua uzito.

Unajua kwamba Sally alinunua gari la kuunganisha. Lilikuja kwa meli, vipande vipande ndani ya sanduku kubwa la mbao: vyuma vya chini, bodi ya faibaglasi, na kitabu cha maelezo kinene kama cha nyimbo. Aliyeliagiza ni Mzee Dirie, yule muuza mapazia wa Eastleigh, akitaka kujiundia gari dogo la uzeeni. Daktari akamkataza kuinama. Sanduku likakaa stoo miaka miwili, mwishowe akamwachia Sally kwa bei ya kirafiki, akisema heri liendeshwe na mtu kuliko panya. Sally akalileta kwenye karakana yangu hapa Komarock, na kila Jumamosi akitoka kazini anavaa ovaroli anaunganisha. Dada, huyo msichana ana mikono. Hajaniita hata siku moja nimfungie nati. Nilichoombwa mimi ni rangi, na kioo cha mbele, kwa sababu kile kilichokuja sandukuni kilifika kimevunjika.

Jambo ambalo labda hakukwambia ni hili. Gari lina viti viwili tu, na vyote viko mbele. Sally anataka Krismasi aje nalo hadi Nyahururu, akuchukue, ukae kushoto kwake, mje naye polepole mkitazama Bonde la Ufa, uone nyumba aliyopanga. Aliponiambia hivyo nilikuwa nimeshika brashi, nikaiweka chini. Wewe na mimi tunajua kwamba tangu ajali ya gari la baba, miaka ishirini na mitano sasa, hujakaa kiti cha mbele cha gari lolote. Hata siku ya harusi yangu ulimwambia dereva kwamba nyuma kuna hewa nzuri, na madirisha ya nyuma hayakuwa yakifunguka. Nikamuuliza Sally kama amekuuliza. Akasema ndiyo, na kwamba ulisema, kama ni yeye anayeendesha, utajaribu.

Basi hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Sally alitaka kioo. Mimi nikasema hapana, tutaweka polikaboneti. Hiyo ni ile plastiki ngumu inayoonyesha, wanayoezekea maegesho ya magari na vibaraza vya mahoteli. Nilikwenda mwenyewe Industrial Area nikanunua shiti nzima, yaani bamba lake zima. Sally akacheka. Usisahau kwamba yeye anafanya kazi kwenye kiwanda cha mabeseni, anakula kwa plastiki, anavaa kwa plastiki, na ndiye aliyekuwa akiikataa plastiki. Akaniambia, anko, hii ni ya kufunikia nyanya. Akasema itakwaruzwa na waipa zile za kufutia mvua, itageuka manjano na jua, na mkaguzi wa magari hataona muhuri wa kiwanda pembeni kama unaokuwa kwenye kioo cha gari, kwa hivyo atatufukuza kabla hatujazima injini.

Mimi nikamjibu kwa nyundo. Nilisimamisha kipande cha ile shiti ukutani, nikapiga kwa nguvu zangu zote kumwonyesha kwamba haivunjiki. Kweli haikuvunjika. Nyundo ilirudi ikanigonga muundi wa mguu, na nilichechemea hadi Jumapili. Watu waliponiuliza kanisani ni nini, Sally akawajibu kwamba anko alikuwa akijadiliana na plastiki, na plastiki ikashinda hoja.

Sikukubali. Nilikata, nikasugua kingo, nikatoboa mashimo ya skrubu, nikafunga. Ilikaa vizuri sana, dada. Kulikuwa na gundi kidogo iliyomwagika pembeni, nami nikafanya kama ninavyofanya kila siku ya maisha yangu nikimaliza kupaka rangi: nikachovya kitambaa kwenye thina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, nikapangusa. Hakuna fundi wa bodi mjini hapa ambaye mkono wake haujui njia ya kwenda kwenye thina. Kabla sijamaliza kukunja kitambaa, ile plastiki ilianza kufifia, halafu ikajaa nyufa ndogo ndogo nyeupe kila upande, mfano wa ile barafu inayolala juu ya nyasi huko kwetu Juni. Nilisimama nikiitazama. Kitabu cha Sally kilikuwa wazi kwenye meza, na kwenye ukurasa uleule palikuwa na picha ya chupa ya thina iliyopigwa msalaba mwekundu. Sikuwa nimekisoma.

Nikanunua shiti ya pili. Hiyo niliiosha kwa maji na sabuni kama mtoto mchanga. Lakini mashimo niliyatoboa sawasawa na skrubu, sikuacha nafasi, na saa saba jua lilipowaka plastiki ikatanuka, haikuwa na pa kwenda, ikavimba katikati kama chapati kwenye kikaango. Nikafungua, nikapanua mashimo, nikafunga tena. Tukalitoa gari kulijaribu hapa mtaani. Ulikuwa wakati wa kiangazi na vumbi la Kangundo Road lilikuwa limetua kila mahali, na Sally akawasha waipa ziondoe vumbi. Zilipita mara tatu nne tu. Kukabaki mistari miwili ya nusu duara, imechorwa humo kabisa, haitoki kwa maji wala kwa maombi.

Tulipogeuka kurudi ilikuwa kama saa kumi na moja na tulielekea upande wa jua. Dada, mbele yetu pote paligeuka maziwa. Kila mkwaruzo ulishika mwanga wake. Sally alitoa kichwa nje ya dirisha ili aone barabara, akasimamisha gari karibu sana na mama mmoja anayeuza parachichi. Yule mama aliinua ndoo yake, akatutazama, akatuuliza kwa utaratibu kabisa kama tumeligundua gari letu kuwa na mtoto wa jicho, au tunangoja mpaka liue mtu ndipo tulipeleke hospitali.

Watu walicheka. Mimi neno hilo liliniingia mahali pengine.

Mzee Dirie alipita kesho yake kuona sanduku lake limezaa nini. Akainama, mkono mgongoni, akachungulia kupitia ile plastiki, akasema wallahi dukani kwake kuna mapazia yanayoonyesha nje kuliko hii. Akaniuliza, fundi, hapa Nairobi vioo vimekwisha? Nikamwambia kioo huvunjika. Akasema hata yeye amevunjika, na bado anatumika.

Basi nilitaka kununua shiti ya tatu. Nilisikia iko nyingine iliyopakwa dawa isikwaruzike, inaagizwa kutoka nje. Hapo ndipo Sally alipokasirika. Aliniambia mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniambia usoni. Alisema watu wote wa karakana hizi wanajua kwamba Njogu hagusi kioo cha mbele. Anapiga bodi, anapaka rangi, anabadilisha mpaka milango, lakini mteja wa kioo humpeleka kwa jirani na mapato anamwachia huyo jirani. Akaniuliza, kwa hicho Kisheng chao cha vijana wa mjini ambacho sitakiandika hapa, ni nini ninachokiogopa, na kama ni uzee niseme tu. Nikamfokea. Nikamwambia alichukue gari lake akalifanyie kwenye kiwanda chake cha mabeseni. Ndiyo mara ya kwanza nimepaza sauti kwa mtoto wako, na naomba unisamehe kwa hilo, ingawa ndilo dogo kati ya mambo ninayokuja kukuambia.

Siku ya pili alirudi na mkate na maziwa, akakaa juu ya tairi, akanywa chai nami kama vile hakuna kilichotokea. Huyo ni wewe mtupu. Alipomaliza akasema hataki tena kubishana. Anaomba jambo moja tu, niende naye kwa fundi mmoja wa vioo aitwaye Kageha, na nikisharudi kutoka huko, neno langu ndilo litakuwa la mwisho. Nikakubali.

Kageha ana karakana yake karibu na Mukuru kwa Reuben, upande unaoangalia viwanda. Ni mama wa makamo, mfupi, amefunga kitambaa kichwani, na mikono yake yote miwili ina alama ndogo ndogo za kazi. Alitusalimu, akaniuliza ninasali wapi, nikamwambia, akasema vizuri, basi tutaelewana. Sally akamweleza kwamba mjomba wake anakiogopa kioo. Kageha hakucheka. Akasema anayekiogopa kioo ndiye anayekijua, wasiokiogopa ndio wanaomletea kazi ya kuokota vidole.

Akachukua kipande cha kioo cha gari, akakilaza juu ya vipande viwili vya mbao, akakipiga nyundo katikati. Kikapasuka chote, mipasuko ikakimbia hadi kingoni, lakini hakikuanguka. Akakiinua kikaning'inia kama kitambaa kilicholowa. Akaeleza kwamba hicho ni vioo viwili vyembamba vilivyobana karatasi ya plastiki katikati, kwa hivyo hata kikivunjika vipande hubaki vimeshikamana. Akaushika mkono wangu akaupitisha juu yake. Sikukatwa. Sally akasema, anko, umeona, unachokitaka kiko ndani ya ninachokitaka.

Nami wakati huo nilijua tayari Kageha atafanya nini baada ya hapo. Fundi yeyote angefanya hivyo. Alichukua kioo cha dirisha la nyumba, kile cha kawaida, akakiweka palepale, akatuambia turudi nyuma, akakipiga. Kikatoka visu, dada. Virefu, vyenye ncha, kimoja kikateleza sakafuni hadi karibu na kiatu changu. Kageha akasema hicho hata mwendawazimu hawezi kukiweka mbele ya gari.

Nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe. Nilitapika ile chai yote. Sally alidhani ni presha, akakimbia kuninunulia maji. Alipoondoka, Kageha alikuja akasimama karibu nami, akapangusa mikono kwa kitambaa chake muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, lilikuwa gari la nani.

Aliyestahili kujibiwa kwanza si yeye. Ni wewe.

Dada Waithera, lilikuwa gari la baba.

Unakumbuka ile Land Rover yake kuukuu ilikuwa na vioo viwili mbele, vya bapa, kimoja kulia kwa dereva na kimoja kushoto. Kile cha kushoto kilipigwa na jiwe juma lile la kufungua kanisa jipya. Baba alinikabidhi mimi kwa sababu nilikuwa nimemaliza mwaka mmoja wa kujifunza kazi kwenye karakana ya Ziwani, na alitaka watu waone faida ya mafunzo hayo. Mwalimu wangu wa kazi aliniambia ningoje hadi Jumatatu, kioo cha gari kitaletwa. Lakini baba alikuwa amewaahidi wazee kwamba Jumapili atawabeba wageni. Na kwa vile kioo chenyewe kilikuwa bapa tu, nikaona si kazi. Nilikwenda kwa wauza vioo vya madirisha, nikakatiwa kipande kwa kipimo, nikasugua kingo, nikakiingiza kwenye raba inayokishika. Kilikaa vizuri hata mimi nikajisifu. Hakikuwa na muhuri pembeni. Hakuna aliyetazama pembeni.

Nilikusudia kukibadilisha Jumatatu. Mungu ni shahidi yangu kwamba nilikusudia. Lakini Jumapili ile, uwanjani mwa kanisa, baba alinishika bega mbele ya wazee wote akasema, huyu sasa ni fundi. Baba hakuwa mtu wa kusifu, unamjua. Na nikajiuliza, nikikitoa kesho nitasema ninakitoa kwa nini? Nikaahirisha wiki moja. Halafu mwezi. Ikafika miezi saba.

Ajali ile haikuwa kitu. Wewe mwenyewe ulisimulia hivyo hospitalini. Baba alikuwa anakwenda polepole, mkokoteni wa punda uliobeba kabichi ukaingia barabarani, akakanyaga breki, gari likagonga nyuma ya mkokoteni. Punda hakuumia. Mwenye kabichi hakuumia. Baba hakuchubuka. Mtoto wa miezi michache uliyekuwa umemwacha kwa mama, ambaye leo ndiye Sally, alirudishiwa mama mwenye bandeji uso mzima.

Na sasa fikiria jambo ambalo nimelifikiria kila siku. Kioo cha upande wa baba kilipasuka pia. Kilibaki mahali pake, kama kile cha Kageha. Ni chako kilichotoka visu. Mimi ndiye niliyetumwa kulivuta gari lile nyumbani, na kabla mtu yeyote hajaja kulitazama, niliokota vipande vyote vya upande wako, kimoja kimoja, nikavitia kwenye gunia nikavitupa ndani ya choo cha shimo. Kwa hivyo usiniambie kwamba sikujua. Mikono yangu ilijua.

Baba akaamini kosa ni la mguu wake uliokanyaga breki. Unakumbuka hakushika usukani tena. Aliiuza Land Rover, akawa anabeba maziwa kwa baiskeli hadi kwenye kituo, mzee wa miaka sitini. Na unakumbuka alivyokuwa akirudia kila wakati tunapokula, kwamba haelewi, walikuwa wamekaa bega kwa bega, kwa nini yeye hakupata hata mkwaruzo na binti yake akapoteza jicho. Alisema Mungu alikosea upande. Mimi nilikuwa pale nikishika sahani yangu. Ningeweza kumwambia kwa neno moja kwa nini. Hata alipokuwa anakufa alikuita, akakuomba msamaha, nawe ukamwambia, baba, nilikusamehe siku ile ile. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kikombe cha maji. Ulimsamehe mtu asiyekuwa na kosa, na mwenye kosa akamnywesha maji.

Kisha nikawa mtu wa kanisa. Nimesimama mara nyingi, hapa Komarock na huko nyumbani, nikashuhudia jinsi Mungu alivyomwokoa dada yangu katika ajali. Watu wameinua mikono. Sikuwahi kuwaambia alikuokoa kutoka kwa nani.

Hiyo ndiyo sababu sigusi kioo. Niliweka nadhiri mbele za Mungu kwamba sitaweka kioo cha mbele tena maishani, na nikadhani hiyo ni toba. Siku ile, nimekaa juu ya lile jiwe na matapishi kwenye viatu, nikaona kwamba haikuwa toba. Ilikuwa njia ya kutoulizwa. Nimemnunulia mtoto wako plastiki mbili na nikamkalisha mbele ya kitu asichoweza kuona kupitia kwake, jua likiwa machoni, ili tu mimi nisishike kioo. Kidogo nimrudishie yale yale.

Jumamosi nilikuja. Nilipitia njia ya chini, ya mtoni, nikafika kwenye kaburi la baba, nikavua kofia nikamweleza yote kwa sauti, nikianzia kwa wauza vioo. Nilikusudia kuja kwako baada ya hapo. Nilifika hadi kwenye ua, nikakuona ukianika nguo, umegeuza kichwa kabisa upande ule wa kushoto ili jicho lako lione kamba. Nikarudi. Hiyo nayo naikiri. Nina miaka arobaini na tisa na nilikimbia nguo zilizoanikwa.

Sasa nikuambie mambo yalipo. Kioo kimeshatengenezwa. Kageha alikikata, kile chenye plastiki katikati, na muhuri wake uko pembeni chini. Kimeegemea ukuta wa chumba chetu cha kulala, nimekifunika kwa lile blanketi ulilotupa siku ya harusi. Raba ipo. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Lakini gari bado liko wazi mbele, na Sally kila akija anatazama lile pengo kisha ananitazama. Nimemwambia sitakiweka mpaka mama yake aseme. Amedhani ni heshima tu, akafurahi. Hajui lolote. Ukitaka ajue, niambie, nami nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, hata akichukua spana zake akaondoka.

Kuna njia tatu, na zote nitazikubali. Ukisema kioo nikiweke mimi, nitakiweka. Ukisema aweke Kageha na mkono wangu usikaribie, nitampigia leo hii. Na ukisema huwezi kukaa mbele tena baada ya kujua haya, basi nitamwambia Sally kwa nini, na asiambiwe kwamba mama yake ni mwoga. Mwoga ni mimi. Sikuombi msamaha kwa haraka. Ule wa kwanza ulitolewa haraka, na ulikwenda kwa mtu mwingine.

Ila ukija, nakuomba kitu kimoja. Kabla hujakaa, pitisha kidole chako pale chini pembeni, upande wa kushoto. Usiniulize mimi kama muhuri upo. Usimuulize mtu. Tazama mwenyewe kwa jicho lako, nami nitasimama nje ya gari mpaka umalize.

Ndindi anakusalimu sana. Haya niliyoandika nilimsimulia jana, na amelia, na bado ananipikia. Wasalimie akina mama wa kikundi chenu na yule jirani ambaye leo hakuitwa kusoma. Matone ni mawili asubuhi, mawili jioni. Mungu akulinde, akulindie na hilo jicho, na akupe neno la kuniambia, liwe lolote.

Ni mimi mdogo wako,
Njogu